Finjani ya Bwana Rask

Bwana Rask aliiweka finjani chini, kahawa imejaa tele, wala hakuigusa tena.

Mzee Thani, mwenye nyumba, aliitazama. Hapa Maskati mgeni haachi kahawa ipoe bure. Akiiweka chini ana haja, na hainywi mpaka akubaliwe. Na katika nyumba hii kitu cha kuombwa kwa heshima kama hiyo kilikuwa kimoja tu: posa ya Hamdiya, mjukuu wake, aliyetimiza miaka ishirini mwaka huo wa 1970.

Jirani yao Mahfoudh naye aliiona ile finjani. Akakohoa.

Bwana Rask alikuwa Mswidi aliyekaa Unguja miaka minane akifundisha skuli, na Kiswahili chake kilikuwa kizima kuliko viatu vyake. Alisilimu huko huko, kwa hivyo hata njia hiyo ya kumkatalia haikuwepo.

"Sheikh Thani, nimekuja nnaomba..."

"Taratibu, bwana. Hapana haraka."

Nyuma ya pazia, Bi Masouda alimwambia mumewe kwa upole: "Muulize ukoo wake, baba Nasriya. Si ndiyo desturi yako?"

Kwa desturi hiyo Mzee Thani alishamkatalia Thabit mara mbili. Thabit alikuwa karani wa forodhani, kijana aliyekwenda kwa miguu mpaka mji jirani wa Matrah kumtafutia mzee barafu alipokuwa na homa. Hamdiya alimtaka yeye tu, na tangu posa ya pili ikataliwe hakula chakula kikamshuka. Lakini babu yake Thabit alikuwa mpishi, na nyuma ya huyo mpishi hakuna aliyejua kitu.

Mzee akamuuliza mgeni ukoo wake.

"Rask si ukoo," alisema Bwana Rask kwa furaha. "Babu wa babu yangu alikuwa askari. Kikosini kwao walikuwepo kina Anders wanane. Kamanda akiita mmoja, wanaitika wote. Akawapa majina mafupi: huyu Ngao, yule Jasiri. Yeye akaitwa Rask, yaani Mwepesi. Kwetu askari wengi walipata majina hivyo."

"Mwepesi wa nini?" aliuliza Mahfoudh.

"Nahisi wa kukimbia."

Mzee Thani alijifuta jasho. "Na hapa unafanya kazi gani?"

"Naandika maisha ya Wareno mashuhuri. Sasa nimefika kwa Albuquerque."

"Aliyeuchoma moto mji huu?"

"Huyo huyo. Mtu wa ajabu sana."

Kumkatalia mgeni usoni ni aibu; kumkubalia huyu ni balaa. Ilibaki njia moja ya heshima, nayo ilitaka jina la mtu, sasa hivi, mbele ya shahidi.

"Bwana Rask," alisema Mzee Thani, "kabla hujasema haja yako, nnataka ujue. Mjukuu wangu Hamdiya ameshaposwa, na mimi nimekubali. Anaolewa na Thabit."

"Thabit wa forodhani?" Mahfoudh alishangaa.

"Yeye. Na wewe ndiye shahidi."

Nyuma ya pazia mtu alipiga kigelegele, akakikata katikati.

Bwana Rask alitabasamu mpaka macho yakafumba. "Mabruk, Sheikh Thani. Mimi nilikuja kuomba ruhusa tu ya kunakili maandishi ya Kireno yaliyo kwenye jiwe la ukuta wenu."

Kisha akageukia pazia. "Bi Masouda, sasa nnaweza kuinywa? Uliniambia nisiiguse mpaka nilisikie jina la Thabit."