Sifichui Mwisho

"Kitabu cha kunishinda kumaliza bado hakijachapishwa!" Mugendi aliwatangazia wasomaji waliofika katika hoteli moja nyuma ya soko la Meru, kusherehekea mwaka mmoja wa ukurasa wake wa mtandaoni. "Mwaka mzima nimewaandikia juu ya mapanga, majoka na wafalme waliorogwa. Na vitabu vyote nimevisoma hadi nukta ya mwisho!"

Makofi. Chai ikaongezwa.

Ukweli ni kwamba Mugendi alisoma kurasa chache za mwanzo, akalikodolea macho jalada, kisha mdomo ukamalizia kazi. Mtu akimuuliza hadithi iliishaje, jibu lake lilikuwa la kiungwana: "Sifichui mwisho." Wasomaji wakamsifu kwa adabu zake.

Adabu hizo zilikuwa zimezaa matunda. Mbele kabisa aliketi Kiende, aliyetoka Mitunguu asubuhi hiyo kumwona kwa macho. Alikuwa ametoa ndizi mbivu kwenye kiondo na kumwekea mezani. Walikuwa wameandikiana hadi wakafika pa kuulizana majina ya wazazi. Sharti la Kiende lilikuwa moja tu.

"Mchumba wangu wa kwanza alichimba mfereji wa shamba la baba, akafika nusu akapotea," alikuwa amemwandikia. "Mtu wa kuacha vitu katikati, mimi hapana."

Kilichomtoa Mugendi jasho kilikuwa pale mlangoni: Timiro, msichana wa kibanda cha kukodisha vitabu vikuukuu. Timiro alimpenda, hilo halikuhitaji miwani. Kila Mugendi aliporudisha kitabu, alimvutia benchi. "Si uketi kidogo? Kuna kitu chako hapa." Na kila mara Mugendi alijitia ana haraka, akarukia bodaboda. Maskini Timiro, kupenda si kosa. Lakini aje kulilia hapa, mbele ya Kiende?

"Mwaka umenifunza nini?" akaendelea mbio mbio. "Shujaa ni lazima awe yatima. Mzee mwenye ndevu akibisha hodi mvua ikinyesha, usifungue, anakupeleka vitani! Na ukiona panga limetundikwa ukutani, hilo ni la marehemu baba."

Watu wakavunjika mbavu. Kiende akainua mkono.

"Na ni mwisho gani uliokuliza?"

"Kiende, unajua mimi sifi—"

"Ai, leo ni sherehe bwana! Mmoja tu."

Mugendi akainua kidole kimoja. "Ule wa malkia wa kilima cha chumvi. Anapomzika farasi wake kwa mikono yake mwenyewe... Nililia hadi mama akadhani tumefiwa."

Kiende akajifuta jicho kwa ncha ya leso. Mugendi akashusha pumzi. Mchumba huyo, amepatikana.

Ndipo Timiro aliposimama na kuja mbele, amekumbatia kifurushi kinene kilichofungwa utepe.

"Timiro, dada yangu," Mugendi akamwahi, sauti ya chini, "mambo ya moyo tutayaongea kando."

"Moyo wa nani, wewe?" Timiro akamtazama kama mtu aliyeona mbuzi amevaa tai. "Nimechoka kukuwekea vitu vyako."

Akafungua utepe, akaweka rundo la karatasi mezani, kando ya ndizi.

"Kwetu kibandani sura ya mwisho hukatwa kabla kitabu hakijakodishwa, la sivyo hakirudi," akamweleza Kiende. "Ukikirudisha, unaketi kwa benchi, unapewa sura yako, unamalizia hapo hapo. Za huyu ndizo hizi. Zote. Ya malkia iko juu."

Kiende akaisoma ile ya juu, taratibu, hadi nukta ya mwisho. Kisha akazirudisha ndizi zake kwenye kiondo.