Kigae cha Kumi na Saba
Kila nyumba ilipewa sakafu moja ya vigae kwa miaka sitini, na vigae vyenyewe vilipima jinsi vinavyolika. Ndiyo maana Bupe, mkaguzi wa vyeti vya mazingira, alikwenda moja kwa moja chumbani kwa Mama Amulike.

“Mama, kigae cha kumi na saba kimelika kiasi cha miaka ishirini ndani ya miaka mitatu. Unasaga nini hapa? Mashine iko wapi?”

“Mashine ni hizi.” Mama Amulike akainua gauni kidogo, akamwonyesha magoti yenye sugu. “Nasali hapo, mwanangu. Asubuhi na jioni.”

Bupe akacheka, kisha akaona aibu. “Kikiendelea hivi utanyang'anywa cheti, na bila cheti utahamishwa. Sali kwa zamu, mama. Kigae kikifika kikomo chake cha siku kitawaka nyekundu; hapo hamia kingine.”

“Hilo dogo. Mungu yuko kwenye vigae vyote.”

Jioni Mama Amulike alianzia kusali mlangoni, akiwataja majirani, wagonjwa na wafungwa. Amulike, mwanawe aliyelazwa hospitalini, humtaja mwisho siku zote, ili akae naye muda mrefu. Kigae kikawaka nyekundu. Akahamia cha pili, kisha cha tatu, sauti yake ikiwa imara.

Alipogusa ukuta, Amulike alikuwa bado hajatajwa. Nyuma yake sakafu yote ilikuwa nyekundu.

Mama Amulike akarudi kwenye kigae cha kumi na saba, akapiga magoti, akaanza na mwanawe.