Mafundo ya Mkono Mwingine

Ilikuwa mara ya tatu wiki ile Bi Fundi kukuta mafundo ambayo hakuyafunga yeye.

Alipitisha kidole gumba juu ya mstari wa juu wa bendera, fundo baada ya fundo. Yake huwa yamelegea kidogo, yanapumua. Haya yalikazwa kama ngumi. Idadi ilikuwa ile ile aliyoiacha alipokwenda kujinyoosha mchana, lakini mkono haukuwa wake.

Na nyumbani walikuwa wawili tu: yeye na wifi yake.

Wifi huyo, dada wa marehemu mumewe, alikuja msibani akasema atakaa wiki mbili. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Hakuwa na baya ambalo mtu angemsema. Alipika, alifagia, hata kukohoa alikohoa kwa adabu. Ila siku hizi alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni kimya, na Bi Fundi akahisi macho yake kisogoni.

Wilaya ilikuwa imempa Bi Fundi kazi ya heshima: bendera ya taifa ya lesi ya mafundo, pana kama shuka, itundikwe ukumbini siku ya sherehe za uhuru. Lesi hiyo haitaki sindano wala mashine. Ni vidole, uzi, na kidude cha mfupa kinachoenea kiganjani, mafundo yakifuatana mpaka kitoke kipete kimoja, kisha unaanza kingine. Mama mkwe ndiye aliyewafundisha wote wawili, mke wa mwanawe na binti yake. Binti aliacha mapema, akasema shingo inamuuma. Mke akafuma miaka arobaini, akapata jina.

Labda sasa analitaka jina, aliwaza Bi Fundi.

"Wifi, umeigusa bendera?"

"Niiguse nifanye nini?" Wifi alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Nimepangusa vumbi tu. Unajichosha mno, wifi. Kwa nini usiwaambie wakutafutie mtu wa kukusaidia?"

"Siku nikishindwa kufuma, nichimbieni kaburi."

Wifi akaendelea kuchambua mchele ambao ulikwisha kuwa safi zamani.

Jumanne walikwenda pamoja dukani kuongeza nyuzi za rangi za bendera. Bi Fundi alizichagua mwenyewe kama kawaida yake, akazipanga juu ya meza. Mwenye duka alifungua kinywa, akamtazama wifi, akakifunga. Walipofika nusu ya njia, wifi akakumbuka amesahau mwavuli dukani. Alirudi dukani mbio, na alipomfikia tena Bi Fundi pale alipomwacha, hakuwa na mwavuli mkononi.

"Uko wapi?"

"Kumbe niliuacha nyumbani."

Bi Fundi akashika njia. Kama ni njama, alijisemea, basi hawa hata uongo hawajajifunza kuupanga.

Ijumaa, wifi alipokwenda sokoni, Bi Fundi aliingia chumbani mwake, akatia mkono chini ya godoro. Kulikuwa na kifurushi cha matambara. Akakifungua mapajani. Ndani mlikuwa na vipande vya lesi, kingo zake zimekatwa kwa mkasi. Hakuhitaji kuvipeleka dirishani. Vidole vilimwambia: mafundo yaliyolegea, yanayopumua. Yalikuwa yake. Kazi ya siku nyingi.

Akaketi juu ya kitanda cha mwenzake. Basi anaikata. Anaikata kazi ya watu na kupachika ya kwake, ili siku ya siku asimame mbele ya halaiki aseme, hii nimefuma mimi.

Angeweza kupiga kelele. Akapiga moyo konde, akarudisha kifurushi kama kilivyokuwa. Tangu siku hiyo, kila alipopata nafasi alijifungia chumbani, akafuma bendera ya pili, ndogo kama leso, kwa zile nyuzi alizozichagua mwenyewe. Kila fundo lake. Akimaliza mstari, anaitia sandukuni na kugeuza ufunguo mara mbili.

Siku ya sherehe ukumbi ulifurika. Bendera kubwa ilining'inia ukutani, mwanga ukipita katikati ya vipete vyake. Afisa utamaduni alisimama mbele yake kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Nimeilinganisha na ile ya mlingotini hapo nje," alisema. "Haijakosewa hata uzi mmoja. Hongera, mama."

Watu wakapiga makofi. Wifi alipiga kuwashinda wote, na hapo ndipo Bi Fundi uvumilivu ulipomwishia.

"Ngojeni kwanza," alisema. "Hiyo si kazi yangu. Nusu yake imekatwa kwa mkasi. Huyu wifi yangu, ninayekula naye sahani moja, ameichezea nyuma ya mgongo wangu. Mkitaka kuijua kazi ya mkono wangu, hii hapa."

Akaitoa bendera ndogo mkobani, akaitandaza juu ya meza ya wageni.

Macho yote yalimgeukia wifi. Wifi alipiga hatua moja mbele, mkono ameunyoosha kana kwamba anataka kukifunika kile kitambaa.

"Twende nyumbani, wifi," alinong'ona. "Nakuomba."

"Nyumbani kufanya nini? Jitetee hapa hapa, watu wakusikie."

Wifi aliinamisha kichwa.

Afisa akaisogelea meza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikitazama kitambaa, akamtazama Bi Fundi usoni, kisha akashusha sauti mpaka wakawa wanasikia wao watatu tu.

"Mafundo yake ni mazuri sana, mama. Lakini hii ni bendera ya nchi gani?"