Mgeni wa Namsifu

Sheria ni hii: ukifa, serikali inachukua nusu ya unachoacha. Ulichotoa ukiwa hai kiko salama, mradi uishi miaka saba kama mgeni wa uliyempa. Nilimpa binti yangu Namsifu nyumba yetu ya Same, nikahamia chumba cha nyuma. Ukiamrisha au ukijiita mwenye nyumba, kuta zinasikia.

Mwaka wa nne nilijiponza. Jirani alipita, nami kwa mazoea nikamwambia, "Karibu kwangu." Ukuta ukalia, miaka saba ikaanza upya. Tangu hapo nikafunga mdomo. Namsifu kapaka sebule rangi ya zambarau, sikusema. Kafuga kuku stoo, sikusema. Hata nilipolazwa kwa ajili ya moyo niliwaza jambo moja tu: nikifa leo, mwanangu atalazimika kuiuza nyumba ili serikali ipate nusu yake.

Leo saa nne asubuhi ukuta ukatamka, "Zawadi imekamilika."

Namsifu alitoka jikoni, mikono imejaa unga, akanikumbatia huku analia na kucheka. "Mama, ni yangu kweli! Haya, ropoka sasa. Najua yamekujaa."

"Mpaka kooni," nikasema. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

"Anza na rangi."

Niliitazama ile zambarau. Maneno ya miaka kumi yalikuwa tayari. Nikafungua mdomo, nikajisikia nikiuliza kwa adabu, "Mwanangu, naweza kukaa kwenye kochi?"