Mbili Zinatosha

Jumanne tarehe tisa Machi, saa nne asubuhi, gari la gereji lilipiga breki, na kiti cha abiria kikang'oka sakafuni, kikatoka na mke wa fundi viti kupitia kioo cha mbele.

Askari alipofika alikuta mkanda uko wazi. Meneja, aliyekuwa dereva, aliapa kwamba marehemu hakuufunga. Wakubwa wakaitikia amina. Ukiwa mnyonge, hata maiti yako husingiziwa.

Fundi hakudanganyika. Mkewe alikuwa mtu wa kufunga mkanda hata kabla mlango haujafungwa. Na kwenye gari lile mkanda umeungwa kitini; kiti kikiondoka, aliyejifunga huondoka nacho. Kiti chenyewe meneja aliamuru kifungwe bolti mbili badala ya nne. "Mbili zinatosha, tunachelewa!"

Ijumaa, wenzake walipokwenda kula mchana, fundi alimtandika meneja spana ya mdomo. Jino likaruka chini ya meza. Akamburura kwa tai hadi kwenye gari lilelile, lililokwisha kutiwa kioo kipya. Asubuhi nzima meneja alikuwa amemwona humo, waya wa betri ameuchomoa kwa muda gari lisiwashwe, anafungua viti vya mbele na kuvirudisha, huku akipiga mluzi.

"Shika usukani, mkubwa."

"Kiti changu umekifanya nini, ndugu yangu?"

"Ndugu yako tangu lini? Kaa!"

Fundi akaketi pembeni, akajifunga mkanda. Gari likashika barabara ya viwandani, nyeupe, haina mtu, likaongezwa mwendo mpaka bodi ikatetemeka. Damu ilimchuruzika meneja hadi kwenye shati.

"Haya. Kanyaga breki yote."

"Nitakufa! Nina watoto, baba!"

"Na mimi nilikuwa na mke."

Spana ikashuka begani. Mfupa ukaalika, mkono ukaning'inia kama mkia wa mbwa aliyefukuzwa.

"Kanyaga, ama nikupasue utosi!"

Meneja akafumba macho, akamwita mama yake, akakanyaga.

Kiti chake hakikusogea hata unywele. Kilikuwa na bolti zote nne. Cha pembeni ndicho kilichoruka.

Askari aliyefika alikuwa yuleyule wa Jumanne. Alimkuta meneja amepiga magoti barabarani kwenye vipande vya kioo, juu ya maiti iliyobanwa kitini, anahangaika na mkanda kwa mkono wake mmoja mzima.

"Mzee," askari akauliza, "unafungua nini hapo?"