Ombi Lililoandikwa Likataliwe

Zamani Kiboko alitoka mto wa mbali, akajifanya serikali na kujenga reli. Treni yake ilipita kijijini kwa ndege Kanga bila kusimama, na mume wa Kanga alikuwa amelazwa mjini. Kanga aliomba isimame. Kiboko akajibu, "Limekataliwa," kama alivyojibu maombi yote, maana aliamini raia wakikubaliwa jambo moja huota pembe.

"Shemeji, umeomba vibaya," Kobe alimwambia. Akakusanya alama za nyayo za kijiji kizima chini ya ombi jipya: "Bwana Mkubwa, tunakusihi treni isisimame hapa kamwe. Kelele zake zinatuudhi."

Kiboko aling'aka. "Wanipangie reli yangu? Limekataliwa! Isimame kila siku!"

Treni iliposimama, Kanga alitaka kupiga vigelegele. Kobe akamziba mdomo. "Ukishukuru tu, kesho inapita. Lalamika, shemeji!"

Kanga alilalamika njia nzima: benchi gumu, moshi, mwendo ambao hata Kobe angeushinda. Hospitalini mumewe aliisikia sauti hiyo tangu stesheni, akajiinua kitandani, akaanza kujitengeneza manyoya.