Vitwitwi wa Kasmir

"Tangu nishike hii filimbi, hakuna yai hata moja lililoharibika mbele ya macho yangu."

Hivyo ndivyo Kasmir, mlinzi wa ndege wa ufukweni, alivyojitapa kila alipokunywa chai sokoni Kasanga, na watu walimwacha aseme. Ni kweli kwamba mwaka jana, siku ya Idi, pikapu nyekundu kutoka Sumbawanga mjini ilipita juu ya viota kumi na kimoja vya vitwitwi, vile vindege vidogo vinavyotaga mchangani. Lakini saa hiyo macho ya Kasmir yalikuwa kwenye sinia la pilau kwa jirani, kwa hiyo hesabu hiyo haikumhusu.

Aliyeendesha pikapu alikuwa Sadick, mtoto wa mwenye duka la mabati. Kasmir alipomfikia akihema na kupuliza filimbi, Sadick alicheka tu. "Vindege vyenyewe hata nyama havina, mshikaji." Maneno hayo Kasmir alilala nayo na kuamka nayo mwaka mzima.

Leo pikapu ilikuwa imerudi.

Ilisimama mbali, saa saba mchana. Kasmir alilala kifudifudi nyuma ya tuta la mchanga, akaikagua kama askari wa forodha. Nyuma ilibeba vigingi na wavu. Voliboli, akajiambia, mwaka jana magurudumu, mwaka huu miguu. Sadick akashuka pamoja na rafiki yake mnene, Suleimani. Mwanamke mwenye ushungi wa kijani akabaki kiti cha mbele, kioo kimepandishwa. Huyo anaogopa jua, hana shida.

Spika ya muziki haikuwepo. Wale wawili walivua viatu, wakaja kwa kunyata. Wezi wa kuku hutembea hivyohivyo.

Nyuma ya Kasmir kulikuwa na viota saba, vishimo tu mchangani, na mayai kumi na manne yaliyobakiza siku chache kuanguliwa. Mchana kitwitwi halalii yai lake ili kulipatia joto. Analikinga na jua. Akiinuka kwa nusu saa tu, mchanga unalipika.

Filimbi Sadick alishaicheka. Safari hii Kasmir alikuwa na dawa nyingine, na aliyemfundisha ni kitwitwi mwenyewe. Adui akikaribia, ndege yule huburuta bawa kana kwamba limevunjika, hupepesuka, hulia, na adui humfuata akidhani kapata kitoweo. Kasmir alikuwa ameutazama mchezo huo miezi miwili. Leo Sadick angeonyeshwa bawa lililovunjika.

Akasimama, akapiga hatua moja, akajibwaga chini.

"Mama yangu, mguu wangu."

Wakaja mbio. Sadick akapiga magoti. "Kaka, umeumia wapi?"

"Usiniguse. Hapana, niguse. Si hapo."

"Ngoja nilete gari."

"Gari litanitikisa, mfupa utoke nje. Utanibeba mgongoni. Wewe, siyo huyo mnene."

"Mpaka zahanati? Si kama kilomita mbili?"

"Basi niache nife. Wewe kuua umeshazoea."

Sadick aliinamisha kichwa. Kasmir akaiona ile aibu, ikamnogea kama mahindi ya kuchoma ya Mollo. Nia ilikuwa kuwaondoa tu, lakini mwaka mzima ni mrefu. Akadai maji kwanza. Suleimani akaenda kuyaleta garini, akaambiwa ni ya moto. Akadai shati la Sadick la kufungia mguu. Likachanwa, likafungwa, akasema limebana, likafungwa upya. Mara mbili alipandishwa mgongoni, na mara mbili alipiga ukelele akajiachia chini kama gunia la ulezi. Juu yao vitwitwi walizunguka wakilia, na Kasmir akaona wanamshangilia.

Ndipo akakubali kubebwa. Njiani alijilegeza ili awe mzito. Kila Sadick alipotaka kupumzika, alitoa sauti ya mtu anayekata roho. Suleimani alipojitolea kumpokea, alikataliwa kwa sababu ananuka samaki. Suleimani hakunuka samaki.

Barazani mwa zahanati Sadick aliketi kifua wazi, jasho likimtiririka. Kasmir akajinyoosha kwenye benchi na kumtazama kwa raha. Hata kama angekufa jioni hiyo, angekufa ameshiba.

Pikapu ikaingia. Mwanamke wa ushungi wa kijani akashuka, darubini shingoni, daftari mkononi.

"Mguu unaendeleaje, kaka?"

"Unaniua, dada."

"Pole. Naitwa Ummy, natoka mkoani, kazi yangu ni ndege. Huyu Sadick amenipigia simu mwaka mzima nije nihesabu viota, ili ufukwe ule ufungwe kwa magari. Vile vigingi na wavu ni vya uzio, amenunua mwenyewe. Walikuwa wanakuja kukuomba ruhusa, wakinyata wasiwashtue ndege."

Kasmir akamgeukia Sadick. Sadick alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Mimi nilibaki garini nisiwashtue," Ummy akaendelea, bila kupandisha sauti. "Nimekuona ukianguka. Umeigiza vizuri. Ila kitwitwi kwanza hukimbia mbali na kiota, ndipo avunje bawa. Wewe umeangukia hatua tatu kutoka kwenye mayai, ukalala hapo dakika arobaini na tano. Ndege waliorudi kukalia ni wawili. Vile viota vingine vitano..."

Alifungua daftari, akatoa fomu, akabofya kalamu.

"Hapa kwenye aliyesumbua ndege, fomu inataka jina kamili. Kasmir nani?"